Asali ya Kugombolea Jina

Tabora,
7 Oktoba 1974

Ndugu Mwamvita,

Mswada wetu umekubaliwa. Nimeambiwa leo asubuhi na Ndugu Silasi, afisa utamaduni wa hapa, ambaye ni mjumbe wa Kamati ya Filamu za Vijijini. Nilimkuta kwa kinyozi karibu na soko, akasema bila kugeuza shingo, kwa sababu ya wembe: "Hongera kwa mkoa, Bwana Bundala. Filamu ya wapagazi itapigwa hapa hapa mwezi wa sita, mvua zikiisha. Huyo mama aliyeiandika ana kichwa."

Nikamuuliza: "Mama peke yake?"

"Jalada lina jina moja," akasema. "Mwamvita Kondo. Kwani kuna mwingine?"

Swali hilo nakuletea wewe. Wewe ndiye wa kujibu.

Tangu tulipokutana kwenye semina ya Morogoro tumeandika pamoja miezi kumi na minne, wewe huko na mimi huku, na posta katikati. Mazungumzo yote ya "Mpagazi wa Nyuma" ni yako, sijawahi kudai hata sentensi. Njia ya msafara kutoka Kwihara ni yangu. Nimeitembea kwa miguu, nikaandika wapi wangetua mizigo na wapi wangekosa maji. Maziko ya Lugembe, yule mpagazi anayefia njiani, ni yangu pia. Nakala ya mwisho niliipiga chapa mwenyewe mwezi wa Agosti, na jalada lilikuwa na majina mawili, lako juu, langu chini.

Nimekuwa mwandishi wa habari miaka kumi na tisa. Najua majina hayaanguki yenyewe kwenye karatasi. Jina langu lilitoka lini, na nani alilitoa?

Jambo jingine. Bahasha yako iliyopita ilifika imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi. Sisemi ni nani. Nakujulisha tu.

Wako,
Bundala Kashindye


Magomeni, Dar es Salaam,
12 Oktoba 1974

Wewe mpagazi,

Shikamoo sikupi. Babu yako alishuka kutoka bara na pembe begani, akalala uani kwa babu yangu Mzaramo, akala muhogo wetu, akaondoka alfajiri bila kuaga. Ukoo mzima mna deni la adabu. Naandika na tumbo tupu, mfungo umebakiza siku chache, kwa hiyo ukikuta neno kali ujue ni njaa.

Unauliza nani kalitoa jina lako. Mimi. Nimelikamata. Nimelikalia kama yule mtani kwenye maziko ya Lugembe anavyoukalia mzigo wa marehemu, msafara mzima umesimama unamwangalia, na yeye anadai kitu ndipo auachie, kwa desturi ya utani. Basi na mimi nadai. Debe moja la asali ya Ipole, safi, isiyotiwa maji ya sukari, maana nawajua. Mpaka hapo siinuki. Sababu unazo, sizirudii hapa.

Sasa kazi. Mpiga picha ameona bajeti, akacheka, halafu akaihesabu upya kwa vidole, na kuhesabu kwake ndiko kulikonitisha. Mikanda ni michache. Kila tukio litapigwa mara moja; mtu akipiga chafya, chafya inabaki. Kuvuka mto kumefutwa. Hatuna mtumbwi wala pesa za mtumbwi. Nimeandika badala yake: watu wanatokea upande wa kushoto wakiwa wamelowa. Ndoo mbili za maji zinatosha. Pembe za ndovu seremala atachonga za mbao, tuzipake chokaa. Wapagazi ni kikundi chako cha ngoma cha Itetemia. Waambie wasinenepe kabla ya mwezi wa sita.

Mtani wako anayekuamuru,
Mwamvita


Tabora,
19 Oktoba 1974

Katibu,
Kamati ya Filamu za Vijijini,
Dar es Salaam.

Ndugu Katibu,

YAH: MSWADA WA FILAMU "MPAGAZI WA NYUMA"

Mswada uliotajwa hapo juu uliandikwa na watu wawili. Mmoja ni Ndugu Mwamvita Kondo, mwandishi wa michezo ya redio. Wa pili ni mimi. Jina langu limeondolewa bila idhini yangu. Ndugu Mwamvita amekiri kwa maandishi, katika barua yake ya tarehe 12 Oktoba, kwamba yeye ndiye aliyeliondoa. Sababu hakutoa. Badala yake amenidai asali.

Naambatanisha kurasa tano za rasimu ya kwanza kwa mkono wangu. Naomba Kamati imuulize, na inijulishe jibu lake.

Ndimi katika ujenzi wa Taifa,
Bundala Kashindye

Nakala: Ndugu Mwamvita Kondo.
(Mwamvita, nimezitafuta sababu ulizosema ninazo. Sina hata moja. B.)


Magomeni, Dar es Salaam,
29 Oktoba 1974

Ndugu Bundala Kashindye,

Leo hakuna utani.

Jana Katibu aliniita. Malalamiko yako yalikuwa mezani, yamewekewa chupa ya wino juu yasiruke. Akaniuliza: "Dada, ulitia saini kwamba kazi hii ni yako peke yako?" Nikasema ndiyo. "Na huyu?" Nikazichukua zile kurasa zako tano, nikazitazama. Akasema: "Basi mmoja wenu ni mwongo, na saini ninayo ya mmoja tu."

Kamati itakaa kunisikiliza Jumatano, tarehe 20 Novemba. Ikionekana nimesema uongo, mswada unawekwa kabatini na barua inakwenda redioni kwa mkuu wangu. Unajua nalisha watu wangapi kwa ile kazi. Nilimwomba Katibu akubali uandike barua nyingine ya kufuta ya kwanza. Akasema haiwezekani; aliyelalamika aje afute mwenyewe, kwa mdomo wake, kikaoni.

Nilikwambia sababu unazo. Nilikuwa na hakika unazo. Mahona hakukufikia? Nilimpa barua mkononi, akaitia ndani ya kofia yake mbele ya macho yangu. Nilipokuandikia habari za asali niliamini umeshaisoma na unacheka. Kumbe ulikuwa unahesabu makosa yangu.

Hata kama hukuipata, Bundala. Umemwandikia Katibu kabla hujaniandikia mimi mara ya pili. Mnyamwezi akakamatiwa na Mzaramo, akaenda kushitaki serikalini. Waulize wazee wako kama wamewahi kusikia.

Mwamvita Kondo


(Barua ya mkono. Iliandikwa Dar es Salaam, ikapokewa Tabora 31 Oktoba.)

Magomeni,
24 Septemba 1974

Mtani,

Hii haipitii posta, na baada ya kuisoma ichome. Anakuletea shemeji yangu Mahona, gadi wa treni, Mnyamwezi mwenzako lakini ana akili.

Jana niliitwa kuwasomea Kamati. Walipenda. Walicheka pale mpagazi anapougombeza mzigo wake. Kisha wakauliza mwandishi wa pili ni nani. Wanaijua habari uliyoiandika mwaka huu kuhusu wale watu wa upande wa Usinge waliohamishiwa vijiji vya ujamaa mahindi yakiwa bado shambani. Haikuchapwa, lakini imesomwa. Imepita meza nyingi kuliko ingepita kama ingechapwa. Jina lako likibaki, filamu hii haitapigwa.

Kwa hiyo nimelitoa. Jalada jipya nimelipiga chapa leo, na nimetia saini. Filamu ikishapigwa, ikishaonyeshwa vijijini na gari la sinema, watu wakishaipenda, nitalirudisha na nitasema nililikamata kama mtani. Nani atabisha? Kuanzia leo tukiandikiana kwa posta nitakutania tu kuhusu jambo hili. Na wewe nitanie, wakifungua wacheke.

Usikasirike. Au kasirika, lakini kimya kimya.

Mwamvita


Tabora,
2 Novemba 1974

Ndugu Mwamvita,

Mahona alinikabidhi barua ya mkono juzi, Alhamisi, kwenye jukwaa la stesheni. Sijaichoma. Kwanza nilitaka kujua iliandikwa lini, kwa sababu barua ya mkono haina muhuri wa posta, na tarehe iliyo juu umeiandika wewe. Mtu aliyeitwa na Katibu tarehe 28 anaweza kukaa chini tarehe 29 akaandika "24 Septemba". Nimeona mambo hayo yakifanywa na watu wenye vyeo kuliko wewe.

Nilimhoji Mahona hapo hapo, amesimama na bendera zake mbili kwapani.

"Alikupa lini?"

"Zamani kidogo."

"Zamani ya lini, bwana?"

"Nilikwenda kwake mchana na njaa yangu, sikupewa hata chai. Mimi Mkristo, lakini jiko limepoa kwa ajili ya mfungo. Nikarudi zangu na barua kichwani na tumbo linalia."

"Na tangu siku ile umepita Tabora mara ngapi?"

"Mara nyingi. Nimepangiwa Kigoma. Treni haikai."

"Mahona, barua ilikuwa na haraka."

"Hakuniambia ina haraka. Aliniambia ni siri. Siri nimeitunza."

Hakuna anayeweza kutunga jibu kama hilo. Mfungo uliisha tarehe 16, nami nilimwandikia Katibu tarehe 19. Kwa hiyo uliandika kabla ya malalamiko yangu. Nimesoma upya na barua yako ya asali, pale uliposema sababu ninazo. Mtu hasemi hivyo kwa mwenzake kama hajamtumia. Hapo nakuamini, na kwa hapo nakuomba radhi.

Sasa pale nisipokuamini.

Jana nilikwenda ofisini kwa Silasi. Nilimuuliza kama katika kikao cha Septemba kuna mjumbe aliyeuliza habari za mwandishi wa pili. Akasema hapana. Nikamuuliza mara ya pili kwa maneno mengine, kama ilivyo kazi yangu. Akasema: "Bwana Bundala, nilikuwepo tangu dua mpaka chai. Hakuna aliyeuliza jina la mtu." Silasi ni mwoga, lakini si mwongo wa aina hiyo, maana uongo wa mwoga ni kusema hakumbuki.

Barua yako inasema waliuliza. Wote wawili hamwezi kuwa sahihi.

Tena unanifundisha utani, mimi niliyeyaandika yale maziko. Tazama ukurasa wenyewe. Mtani anaukalia mzigo wa Lugembe mchana, kaburi liko wazi, wafiwa wanaona, kirangozi anayeongoza msafara anaona, kila mtu anajua ni nani kakamata na anataka nini. Ndiyo maana hakuna anayekasirika. Wewe umekamata peke yako, mlango umefungwa, kisha ukatia saini kwamba mzigo haukuwa na mwenyewe. Hilo kwetu lina jina jingine.

Walikuuliza, au hawakukuuliza?

Bundala


Magomeni, Dar es Salaam,
9 Novemba 1974

Bundala,

Hawakuniuliza.

Nitakueleza ilivyokuwa, na safari hii naitia posta makusudi. Anayefungua na afungue.

Nilipomaliza kusoma, mswada ulizungushwa mezani mkono kwa mkono. Kila mmoja aliutazama kidogo akapitisha. Ulipofika kwa mzee mmoja wa mwisho, mwenye miwani, akasoma jalada kwa sauti. Jina langu alilisoma mara moja. Lako alilisoma mara mbili. "Bundala Kashindye," akasema. Akafuta miwani. Akasema tena, "Bundala Kashindye." Kisha akaliweka kando, wakaleta chai kwa wasiofunga.

Basi. Ni hilo tu. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyenituma, hakuna aliyeitaja Usinge. Nilitoka pale, na kesho yake nikapiga chapa jalada jipya; waliolisikia jina lako wakalipokea, hakuna aliyeuliza limekwenda wapi. Nilikuandikia kwamba waliuliza kwa sababu niliona aibu kusema kwamba nimekufuta kwa ajili ya mzee aliyesoma jina mara mbili. Labda jina lilimpendeza. Labda ana mpwa anaitwa hivyo. Nimeliwaza hilo usiku na mchana, na sijui.

Kuna jingine. Umezoea kuchimba, utalichimba tu, afadhali nilitoe mwenyewe. Lile jalada jipya lilipotoka kwenye mashine niliona jina langu liko peke yake katikati ya karatasi. Miaka tisa naandika michezo ya redio, na redioni husema "mchezo umeletwa kwenu na", halafu wanataja sabuni. Nililitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu ndipo nikatia saini. Kama hilo ni wizi, niite.

Mambo ya utani uliyoniandikia ni kweli yote. Nimekosa hamu ya kubisha, ujue naumwa.

Tarehe 20 nitakwenda kikaoni. Nimefikiri niwaambie wewe ni mwongo, saini yangu isimame, filamu ipigwe, nikulipe baadaye. Nimefikiri pia niwaambie mimi ndiye mwongo, yaishe. Sijachagua. Nakwambia ili usije ukasema nilificha.

Mwamvita


Tabora,
14 Novemba 1974

Mtani,

Usichague lolote kati ya hayo mawili. Nakuja.

Nimempelekea Katibu simu ya maandishi leo, nikasema nitafika kikaoni kama alivyotaka, mlalamikaji kwa mdomo wake. Nimepata nafasi kwenye treni ya Jumatatu. Mahona yumo zamu. Nimemwambia mimi nina haraka, ili asije akanitunza mpaka Kigoma.

Nitakuwa na debe la asali. Limetoka Ipole jana, limefungwa kwa nta na kitambaa, na halina sukari. Mrina asali alipojua linakwenda kwa Mzaramo alitaka kulitia maji bure bila kuombwa. Nilimzuia.

Mpango ni huu. Wakiniita sitasimama mahali pa mlalamikaji. Nitaliweka debe juu ya meza ya Kamati, mbele ya yule mzee wa miwani, na nitasema kwamba Mzaramo huyu amekamata jina langu na nimekuja kuligomboa. Nitaeleza kwamba malalamiko yangu ya tarehe 19 yaliandikwa na mtu aliyesahau kwao, na hilo ni kweli, sitakuwa nimedanganya kikao. Silasi, aliyelisikia jina langu akajifanya hakulisikia, ni Mnyamwezi, na Katibu, nimeulizia, ni mtu wa Kisarawe, Mzaramo kama wewe. Wote wamekaa matangani wakaona jeneza likizuiwa na watani kwa ajili ya kuku. Sidhani kama kuna hata mmoja atakayekubali kumwandikia mkuu wako wa kazi kwamba mtani amekamata. Saini yako itakuwa sehemu ya kukamata.

Ulikamata gizani, tutamaliza mbele ya watu, na hapo ndipo utakuwa utani.

Sehemu yako ni kukataa. Sema debe ni dogo. Sema nimelichovya kidole njiani. Mtaje babu yangu na muhogo. Piga kelele mpaka wacheke, kisha ndipo uinuke. Ukinionea huruma wataona kuna jambo, na tutapotea wote wawili.

Ukishainuka, jina langu linarudi kwenye jalada pale pale. Najua unachoogopa. Mimi pia nakiogopa. Lakini mpaka leo hakuna mtu aliyelikataa jina langu isipokuwa wewe, na wewe ulilikataa kwa niaba ya watu ambao hawakukutuma. Kama yupo asiyelitaka, aseme kwa sauti, kikaoni, na jina lake lisikike kama langu lilivyosikika. Nitakuwa na kalamu.

Wakilikataa, filamu itakuwa imekufa, na kazi ya mwaka mzima pamoja nayo, na hapo unaweza kuniita unavyotaka. Nimelipima hilo. Bado nakuja.

Kuhusu ulivyolitazama jina lako peke yake: nimelisoma mara mbili, kama yule mzee. Sitakuuliza mbele ya Kamati. Nitakuuliza tukishatoka nje, na nataka jibu zima, maana sijui bado kama ningekuwa mimi kwenye ile mashine ningetazama kwa muda mfupi kuliko wewe.

Mwezi wa sita, kama filamu bado ipo, ukurasa wa maziko haubadilishwi. Tukio litapigwa mara moja.

Treni inaondoka Tabora Jumatatu tarehe 18 na kufika kwenu Jumanne. Kikao ni Jumatano, tarehe 20 Novemba, saa nne asubuhi. Nisubiri mlangoni, usinisalimie.

Bundala Kashindye